Sahani ya Kihindi, Kichina na Kithai: mkulima wa Moshi anauza nini humo?

UKITAKA kujua ni soko gani linalompita mkulima wa Kilimanjaro mlangoni kwake, si lazima uanzie kwenye takwimu za mauzo ya nje. Ingia katika mgahawa mmojawapo wa mjini Moshi unaopika chakula cha Kihindi, Kichina na Kithai chini ya paa moja, kaa, agiza menyu, kisha isome kama unavyosoma bei za mazao pale soko la Mbuyuni.

Migahawa ya aina hii si kitu cha ajabu tena katika miji yetu. Mchana hujaa wafanyakazi wa ofisini, hasa mishahara ikishatoka. Jioni huja wapanda mlima waliokwishateremka, wakiwa na njaa ya siku sita. Jumapili ni zamu ya familia, na mezani utamkuta bibi aliyekuja na wajukuu akishangaa tambi zinazoliwa kwa vijiti.

Swali la kwanza analojiuliza mchumi si kama chakula ni kitamu. Anajiuliza jiko moja dogo, lenye wapishi wanne au watano, linawezaje kutoa vyakula vya mataifa matatu bila kufilisika. Menyu ina kurasa nane na majina ya vyakula zaidi ya 100. Kama kila kimoja kingehitaji mahitaji yake peke yake, stoo ingejaa vitu vinavyooza.

Jibu lipo ndani ya karai. Vyakula hivyo vyote vinaanza na vitu vilevile: kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, vitunguu na giligilani. Mpishi akishamenya na kukatakata hivyo asubuhi, kazi kubwa ya siku imekwisha. Akiongeza manjano, binzari nyembamba na nyanya, hicho ni Kihindi. Akiongeza sosi ya soya na wanga wa mahindi, ni Kichina. Akiweka tui la nazi, mchaichai na ndimu, mteja ataambiwa ni Kithai.

Na hicho "Kichina" chenyewe, kwa sehemu kubwa, hakikutoka China moja kwa moja. Kilipita India. Wachina walihamia Kolkata tangu mwishoni mwa karne ya 18, na wazao wao wakafungua migahawa iliyopika kwa ladha ya wenyeji. Chakula kiitwacho Manchurian, ambacho utakikuta karibu katika kila menyu ya namna hii Afrika Mashariki, hakijulikani huko Manchuria. Inaelezwa kuwa kilibuniwa Mumbai mwaka 1975 na mpishi Nelson Wang, aliyeanza na kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbichi kama Mhindi yeyote, kisha badala ya garam masala akatia sosi ya soya na wanga wa mahindi. Wateja walipenda, na wapishi wa Kihindi waliotawanyika duniani wakakibeba.

Kwa mkulima, habari hii ina maana moja kubwa. Mgahawa unaonekana kuuza vitu 100, lakini unanunua vitu vichache sana, tena kila siku, mwaka mzima. Vingi kati ya hivyo vinaota katika mikoa ya Kilimanjaro, Arusha, Manyara na Tanga.

Mwandishi wa makala haya aliketi katika mgahawa mmoja wa namna hiyo, karibu na katikati ya mji, akaagiza chakula ambacho watu watatu wangekula wakashiba: koliflawa ya Manchurian, kuku wa tangawizi, mchuzi wa kijani wa Kithai, mchuzi wa dal, wali wa kukaanga na mkate wa naan. Mhudumu aliuliza swali ambalo huulizwa pia Arusha na Dar es Salaam, kama pilipili iwe ya wageni au ya wenyeji. Ya wenyeji, bila shaka.

Kuku wa tangawizi ndiye aliyefika kwanza. Tangawizi yenyewe inaonekana kwa macho, imekatwa nyembamba kama njiti, wala si ile ya unga. Milima ya Pare Kusini, hasa Mamba Miamba wilayani Same, inajulikana kwa zao hili, na kutoka huko hadi Moshi ni safari ya siku hiyohiyo. Mpishi anataka tangawizi iliyokomaa, ngumu, isiyo na udongo wala nyuzi nyingi. Mkulima wa milimani anapokuwa na shida ya fedha huing'oa ikiwa changa, ikiwa na maji mengi na ukali kidogo. Tangawizi huhitaji miezi minane hadi kumi shambani, na ada ya shule haingoji miezi minane. Hapo ndipo dalali anapopata nafasi yake, maana yeye hununua changa kwa bei ya changa na kwenda kuichanganya na iliyokomaa.

Koliflawa ilikuwa nzuri, imekaangwa kavu nje na laini ndani. Zao hili hulimwa kwenye maeneo ya baridi kama Lushoto na miteremko ya Meru. Mpishi anataka vichwa vidogo, vyeupe, vilivyobana. Sokoni mkulima husifiwa kwa kichwa kikubwa, lakini jikoni kikubwa kilichoanza kufunguka ni hasara, kwa sababu kikikatwa kinasambaratika na nusu yake kuishia kwenye ndoo ya taka. Mkulima anayejua hilo huvuna siku chache mapema na kufunika kichwa kwa majani yake kisichomwe na jua. Hiyo ni kazi ya mikono tu, haihitaji mtaji.

Wali wa kukaanga una siri inayojulikana na kila mpishi: mchele uwe umepikwa jana, ukapoa, ndipo punje zisishikane karaini. Mchele wenyewe unaweza kuwa umetoka kilomita chache tu kusini mwa mji. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa mkopo wa Japani na kukamilika mwaka 1987, uligeuza maeneo ya Mabogini na Chekereni kuwa mashamba ya mpunga wa kisasa. Mbegu iliyopandwa huko kwa miaka mingi ni IR54, iliyotoka katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga nchini Ufilipino. Kwa hiyo Asia ilikuwa imekwishaingia shambani Moshi kabla haijaenea kwenye menyu.

Biriani ni habari nyingine. Huko mpishi hataki kusikia kitu kingine isipokuwa basmati ya India au Pakistan. Tangu umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2005, mchele umewekwa miongoni mwa bidhaa nyeti na kupangiwa ushuru wa asilimia 75, lakini basmati bado inanunuliwa. Hii inatuonyesha kitu ambacho wakulima wengi hatukiamini: kuna mnunuzi ambaye bei ya chini haimvuti. Anatafuta punje ndefu isiyovunjika, na yuko tayari kuilipia. Mchele wetu mzuri wa Kyela una harufu ambayo basmati ingeionea wivu, lakini ukifika sokoni umechanganywa na mwingine, una chenga na wakati mwingine mawe.

Twende kwenye dal, kwa sababu hapo ndipo penye kidonda.

Dal inayopikwa sana katika migahawa ya Kihindi ni ya mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa. Mbaazi hulimwa Babati na Karatu, na kwa wingi zaidi Lindi na Mtwara. Sehemu kubwa ya mbaazi zetu huuzwa India zikiwa nzima, na kule ndiko hukobolewa, hupasuliwa, hufungwa kwenye mifuko yenye picha nzuri na kuuzwa. Mfuko mmojawapo unaweza kabisa kurudi na kukaa kwenye rafu ya duka la Moshi, saa chache kwa basi kutoka Babati.

Mwezi Agosti mwaka 2017, India, ikiwa imevuna vizuri, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zote kutoka nje. Msimu mmoja au miwili kabla ya hapo mkulima alikuwa ameonja bei ya zaidi ya shilingi 2,000 kwa kilo. Mwaka ule bei iliporomoka hadi shilingi mia chache, na wapo walioacha mbaazi shambani kwa sababu gharama ya kuvuna ilizidi bei. Zao lilikuwepo, mvua ilikuwepo, mlaji hakukoma kula. Kilichobadilika ni karatasi moja iliyosainiwa New Delhi.

Mwaka 2021 India ilifungua tena mlango, na bei zikapanda. Nchini nako mbaazi zimeingizwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani na minada, jambo ambalo limeongeza uwazi. Lakini udhaifu wa msingi upo palepale: tunategemea mnunuzi mmoja mkubwa, na tunamuuzia punje nzima. Watanzania wa bara tunaokula mbaazi wengi hula mbichi au za nazi, na dal tumewaachia wengine. Mashine ndogo ya kukoboa na kupasua si teknolojia ya kutisha. Kikundi cha wakulima cha Babati kinachoweza kutoa dal safi, isiyo na maganda wala vumbi, hakitashindana na India huko India, lakini kinaweza kushindana na mfuko wa India uliofika Moshi ukiwa umelipiwa meli na forodha.

Nilimaliza bakuli lile la dal, na lilikuwa tamu kuliko vyote vilivyokuwa mezani.

Mchuzi wa Kithai ulikuja mwisho, na ndio ulioonyesha mapengo. Rangi ya kijani ilikuwepo, tui lilikuwepo, mchaichai ulinukia. Mrehani wa Kithai haukuwepo, na mpishi alitumia mrehani wetu wa kawaida. Tui lenyewe mara nyingi katika migahawa ya namna hii hutoka kwenye kopo lililosafirishwa kutoka Asia, huku nazi za Pangani na Muheza zikipita hapo Moshi ndani ya magunia. Sababu wanayoitoa wapishi inaeleweka: kopo halibadiliki. Leo zito, kesho zito. Nazi ya kukuna inahitaji mtu wa kukuna, na nazi moja ina tui zito, nyingine ni maji matupu.

Inafaa tukumbuke kwamba Thailand yenyewe haikuacha mambo haya yaende kwa bahati. Mwaka 2002 serikali yake ilianzisha mpango maalumu wa kuongeza idadi ya migahawa ya Kithai duniani, kwa kuwasaidia wapishi na wawekezaji. Lengo halikuwa fahari ya utamaduni peke yake. Kila mgahawa unaofunguliwa ugenini ni mteja wa mchele, sosi ya samaki na makopo ya tui kutoka kwa mkulima na kiwanda cha Thailand. Kopo lililoko jikoni Moshi halikufika hapo kwa miujiza.

Sasa tupige hesabu. Tuchukue mfano wa mgahawa unaouza sahani 60 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Sahani moja ikitumia gramu 150 za vitunguu, hizo ni kilo 9 kwa siku na kilo 234 kwa mwezi, yaani zaidi ya magunia mawili ya kilo 100. Tangawizi ikiwa gramu 15 kwa sahani, ni kilo 23 na ushei kwa mwezi, kama kilo 280 kwa mwaka. Nusu ya sahani zikiwa za kuku, kwa robo kilo kila moja, mgahawa unahitaji kuku wa kisasa wapatao sita kwa siku, zaidi ya 150 kwa mwezi.

Tazama hesabu hiyo vizuri, maana inatoa majibu mawili tofauti. Tangawizi kilo 280 ni mavuno ambayo robo eka iliyotunzwa vizuri inaweza kuyatoa na kubaki. Kwa hiyo mgahawa mmoja ni soko la mkulima mmoja, si la kijiji. Wakulima kumi wakisikia kwamba giligilani inalipa na wote wakapanda mwezi mmoja, fungu litauzwa bei ya kutupwa. Mtu asing'oe kahawa wala migomba kwa sababu ya menyu. Kinachotakiwa ni tuta moja au mawili yenye maji karibu, yanayopandwa kwa awamu.

Kwa kuku hesabu ni kubwa zaidi, na hapo ndipo penye fedha. Tatizo la mfugaji mdogo ni kwamba vifaranga 200 walioingia siku moja hukomaa siku moja. Mgahawa unataka sita leo na sita kesho, wenye uzito unaofanana, ili mteja wa meza hii asipate paja kubwa na wa meza ile akapata mfupa. Wafugaji watatu au wanne wakipangana kuingiza vifaranga kwa kupishana wiki mbili, wanaweza kutimiza hilo bila mmoja wao kununua friza. Wasipopangana, mgahawa utaendelea kununua kwa msambazaji mkubwa, na lawama haitakuwa ya mgahawa.

Kuna jambo la vipimo pia. Shambani tunauza kwa lumbesa, tenga, sado na fungu. Jikoni kuna mizani. Mwenye mgahawa amezoea kupima kila kitu, kwa sababu kanuni inayotumiwa sana katika biashara hii ni kwamba mahitaji yasizidi kama theluthi moja ya bei ya sahani. Sahani ya shilingi 15,000 isitumie mahitaji ya zaidi ya shilingi 5,000, na kwenye hizo 5,000 kuku na mafuta huchukua sehemu kubwa. Mkulima anayefika na nyanya zilizochambuliwa, ambazo zimepimwa kwa kilo na kuandikwa kwenye karatasi, anaongea lugha ya mnunuzi. Mwenye tenga ambalo juu ni nyanya nzuri na chini ni mbovu atanunuliwa mara moja tu.

Hata hivyo, mkulima naye asiende kichwa kichwa. Ugonjwa wa biashara hii ni mali kauli. Mgahawa huchukua mzigo leo na kuahidi malipo wiki ijayo, wiki inakuwa mbili, mbili zinakuwa mwezi. Mfugaji anayenunua chakula cha kuku kwa fedha taslimu na kuuza kwa mali kauli amegeuka benki ya mgahawa, tena benki isiyotoza riba. Ni afadhali kukubali bei iliyo chini kidogo kwa malipo ya papo hapo, au angalau makubaliano ya maandishi kwamba mzigo wa tatu hautashushwa kabla wa kwanza haujalipwa. Mwenye mgahawa makini hatakasirika. Akikasirika, umepata taarifa uliyoihitaji kabla ya hasara.

Hatari nyingine ni msimu. Miji hii inategemea wageni, na wageni hawaji mwaka mzima kwa wingi uleule. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, idadi ya watalii walioingia nchini ilishuka hadi takriban 620,000 kutoka milioni 1.5 mwaka uliotangulia, na jiko lililokuwa likiagiza kila siku likaweza kukaa wiki nzima bila kuagiza. Kwa hiyo hata mwenye mteja mzuri mjini anahitaji kuendelea kujulikana Mbuyuni na Kiboriloni.

Kwa mwaka wa kawaida, kipindi cha masika, Aprili na Mei, wapanda mlima ni wachache na viti vingi vya mgahawa huwa vitupu. Huo ndio wakati wa kwenda kuongea na mpishi, kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, chakula cha mchana kikiwa kimekwisha na cha usiku hakijaanza. Mpelekee sampuli ya kilo moja, iliyooshwa. Muulize anatumia kiasi gani na siku gani za wiki. Giligilani ya majani huvunwa kati ya siku 35 na 45, na haipendi joto kali, hivyo wa ukanda wa juu wana nafuu kuliko wa tambarare. Mbegu ipurwe kidogo ipasuke vipande viwili kabla ya kupandwa, na tuta lipandwe kila baada ya siku kumi. Iliyopandwa mwanzoni mwa Mei itakuwa tayari katikati ya Juni, wakati wageni wanaanza kurudi na mpishi hana tena nafasi ya kuongea na mtu.